Nani Aliyehamisha Nguzo

Jumatatu ile ilikuwa siku ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linalomuuma Fundi Nguzo mpaka leo. Alikunywa chai, akavaa viatu vyake vya mpira, akaweka begani upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akamuaga mkewe na kwenda kazini. Hakufika. Njiani alipita kwa kinyozi, akakuta mchezo wa drafti umepamba moto, akasema atacheza raundi moja tu. Mcheza drafti hajui moja ni ngapi. Jua lilipozama alikuwa amemfunga kinyozi mara tisa, na bahari hakuiona hata kwa mbali.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila haikusubiri mtu. Mji wao umekaa ndani ya ghuba, na mlango wa kuingilia ghuba hiyo ni mwembamba, umejaa mafungu ya mchanga ambayo mawimbi huvunjikia juu yake. Katikati ya mafungu upo mkondo wenye kina cha kupitisha boti. Ufukweni kuna nguzo nyekundu, na nyuma yake, juu ya kilima, kuna nguzo nyeupe. Nahodha anayeingia huzipanga hizo mbili mpaka moja ijifiche nyuma ya nyingine, hapo anajua yuko salama. Shida ni kwamba mchanga hautulii. Kila wiki mkondo husogea, na lazima mtu aingie na mtumbwi, apime kina kwa upondo, kisha ahamishe nguzo nyekundu. Mtu huyo ndiye Fundi Nguzo.

Jioni ile aliandika kwenye daftari la ofisi ya bandari: "Nimepima. Nguzo iko sawa." Akalala usingizi mnono.

Jumanne saa nne asubuhi, shemeji yake, mdogo wa mkewe wa tumbo moja, alifika mlangoni na boti ya abiria. Alikuwa nahodha makini kupita kiasi, mpaka wenzake wakimtania kwamba hata beseni la maji angelipima kabla ya kunawa. Alisubiri nje, akahesabu mawimbi, akayaacha makubwa yapite, akaingia kwenye utulivu unaofuata. Nguzo mbili zilikuwa zimepangana barabara mbele ya macho yake. Akapanda juu ya fungu. Boti ikapinduka. Abiria wote sita waliokolewa na majaketi yao ya kuelea. Shemeji hakuonekana tena, hata mwili.

Watu wa ofisi walikuja kuuliza. Fundi Nguzo akawaelekeza kwenye daftari.

"Alikatiza," alisema. "Hakufuata nguzo."

Maneno ya mtaani hayana breki. Hazikupita siku tatu, kukatiza kukageuka kulewa. Watoto wa marehemu wakaitwa watoto wa mlevi huko shuleni. Mjane alikuwa fundi cherehani; wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Naye mke wa Fundi Nguzo akawa analia kila jioni, akisema mdogo wake hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Mumewe alimpa leso ajifute. Alikuwa na aibu, aibu ile ya kumfanya mtu ashindwe kutafuna mbele ya mkewe. Lakini mdomo haukufunguka. Alijiambia mavi ya kale hayanuki. Haya yalinuka kila siku.

Jumatatu iliyofuata alikwenda kupima kweli. Nguzo nyekundu haikuwa mahali pake. Ilikuwa imehama hatua arobaini upande wa kusini, na shimo la zamani limefukiwa na kusawazishwa. Nguzo ile ni gogo zito, huhamishwa na watu wawili wenye nguvu, lakini mchangani hapakuwa na alama ya mguu. Akaingia na mtumbwi, akapima. Mkondo ulikuwa palepale nguzo ilipoelekeza. Hata yeye, katika miaka yake yote ya kazi, hakuwahi kuipanga vizuri namna ile.

Aliulizia. Hakuna aliyeigusa. Wiki ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Wiki ya nne hata mtumbwini hakuingia. Aliitazama nguzo kutoka barazani kwa kinyozi, akaona imehama, akaenda kuandika: "Nimepima."

Alipokuja kuyasimulia haya baadaye, hapa ndipo alipoinamisha uso. Maana moyoni alijua ni nani anayeihamisha. Alijua, na akamwachia afanye kazi. Miezi mitano alikula mshahara wa jasho la mtu ambaye yeye mwenyewe alimzamisha.

Katika mwezi huo wa tano alimpeleka mkewe kutibiwa macho katika mji wa jirani. Walikwenda Jumanne alfajiri na kurudi siku hiyohiyo, kwa boti yenye abiria kumi. Nahodha alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza, mzoefu wa mlango ule. Bahari ilikuwa imechafuka. Walipofika nje ya mlango alipunguza injini, akamwinamia Fundi Nguzo ili abiria wasisikie.

"Fundi, mawimbi ya leo siyapendi. Jana umepima?"

Mkewe aligeuka kumtazama. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa dawa.

"Nimepima," Fundi Nguzo alisema.

Mama nahodha akaanza kuhesabu. Kubwa la kwanza likapita chini yao. La pili. La tatu. La saba lilipopita, maji yakalegea.

"Shikeni," alisema, akaifungua injini yote.

Ukishaingia mlango ule hakuna kurudi. Boti ikigeuka inaonyesha ubavu, na wimbi halitaki zaidi ya hapo. Kushoto maji meupe. Kulia maji meupe. Mbele, nguzo mbili zimepangana.

Kisha nyekundu ikasogea.

Mama nahodha alidhani boti inasukumwa, akarekebisha usukani. Nguzo ikasogea tena. Akarekebisha tena. Fundi Nguzo akakaza macho. Chini ya nguzo palikuwa na mtu. Ameibeba peke yake. Anatembea pole pole, kuelekea kaskazini.

Ameibeba kwa bega la kushoto.

Shemeji alivunjika bega la kulia utotoni. Hata gunia la mkaa alilibeba kwa kushoto.

Boti ikamfuata. Mbele maji yalikuwa yanachemka juu ya fungu, palepale pa siku ile. Fundi Nguzo alipajua. Angeweza kusema usiifuate nguzo. Lakini angeulizwa kwa nini.

Mkono wa baridi ukamshika kiganja. Ulikuwa wa mkewe.

"Yule," alinong'ona, "si mdogo wangu?"

Hapo kitu kikakatika ndani yake.

"Sijapima," alisema. "Jana sikupima. Wala siku ya shemeji sikupima, nilikuwa nacheza drafti. Yeye alifuata nguzo vizuri. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Boti nzima ilisikia. Mama nahodha hakugeuza hata shingo. Ufukweni, yule mtu alisimama. Alisimama kwa muda ambao Fundi Nguzo aliuona kama mwaka. Kisha akageuka na nguzo yake, akarudi kusini, safari hii akikimbia. Usukani ukamfuata. Boti ilikwaruza mchanga mara moja chini, ikayumba, ikaingia kwenye maji tulivu ya ghuba. Kamba ikafungwa gatini.

Mkewe hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane, na Fundi Nguzo akamfuata nyuma. Alisema yote akiwa amesimama, macho chini. Mjane alisimamisha cherehani.

"Ngoja niwaite watoto," alisema. "Halafu urudie."

Akarudia. Anasema katika maisha yake hajawahi kubeba kitu kizito kama maneno yale mbele ya watoto wale. Kesho yake akarudia ofisini. Jina la shemeji likasafishwa, wateja wa mjane wakarudi mmoja mmoja. Fundi Nguzo alifukuzwa kazi, na baada ya miezi miwili akarudishwa, kwa sababu hakupatikana mwingine aliyeitaka kazi ile.

Jumatatu ya kwanza alipima tangu alfajiri mpaka mchana, akaihamisha nguzo vizuri, akaenda nyumbani akalala fofofo. Jumanne asubuhi nguzo ilikuwa imerudishwa mahali ilipokuwa siku boti ilipopinduka. Mchanga laini, hakuna nyayo. Aliing'oa, akairudisha panapofaa kabla boti ya kwanza haijaingia. Jumatano ikawa vilevile. Na Alhamisi. Mpaka leo haijapita siku bila nguzo kurudishwa. Nguzo ya watu wawili anaiburuta peke yake, akiwa mzima na akiwa na homa, maana hakuna kibarua anayekubali kazi ya kila alfajiri. Watu wanamsifu, wanasema Fundi siku hizi anajituma. Sifa hizo zinamchoma kuliko matusi.

Mkewe alihamia chumba cha pili tangu siku ile, na maneno yao yamekuwa ya kuhesabika. Ila kila alfajiri humwamsha kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Amka. Ameshairudisha."

Nyumba yao haina dirisha linaloelekea baharini. Fundi Nguzo akitoka hupita mbele ya mlango wa chumba kile, na sakafu pale huwa imelowa maji ya chumvi. Ndani husikia mkewe akiongea kwa sauti ya chini, sauti ya dada anayembembeleza mdogo wake ale. Huchukua tambara, hupiga magoti na kuyafuta maji, kisha huondoka na upondo wake. Aibu haijamruhusu kugonga.