Bangili ya 925

Nilifika Ikonge jua likizama, na sikuwa nimefuata uchawi. Nilikuwa namtaka Manasseh, fundi wa saa, anisomee nambari.

Ilikuwa 1969. Nilikuwa nimechimbua bangili Nyansiongo, kwenye shamba lililoachwa na mzungu. Sisi Waadventista hatuvai mapambo, na Drusilla, mke wa mchungaji, alikuwa na macho ya mwewe. Basi nikaivaa mguuni, chini ya gauni refu. Ujinga wangu huo. Jumapili nilikuwa niolewe na Alfayo.

Manasseh aliinama, kioo jichoni.

“Tisa, mbili, tano. Nambari ya fedha safi. Lakini wengine hugonga ya uongo. Vua niikwaruze.”

Haikutoka.

Asubuhi ilikuwa ikichezacheza! Akapaka sabuni, akavuta.

“Mzee, huo si mguu wa ng'ombe.”

Hakucheka. Akaikwaruza hapo hapo kwa tupa. Fedha ikabanduka kama ganda la kitunguu. Chini... kitu cheusi.

“Hiki ni chuma,” akanong'ona. “Nani alikuvisha?”

“Mimi mwenyewe.”

“Chuma? Mguuni? Bochaberi, umejivisha ebitinge!”

Ebitinge ndizo pete za chuma walizovishwa bibi zetu miguuni wakiolewa. Hazivuliwi mpaka mume afe.

Nje, hatua. Polepole... Harufu ya udongo mbichi ikajaa dukani. Manasseh akapiga komeo. Hatua zikasimama mlangoni.

“Mke wangu yuko humo?”

Sauti ya mdomo uliojaa mchanga. Bangili ikanibana hadi mfupani.

“Mjibu aende,” Manasseh akanong'ona, jasho likimtiririka.

“Mjibu wewe. Mimi nikiitika, nimekubali kuwa mkewe.”

Niliuma kanga yangu mpaka hatua zikaondoka.

Jumapili niliolewa hivyo hivyo, bangili chini ya gauni. Mwaka 1974 tukamzika Alfayo. Mama mkwe akasema, mume amekufa, sasa itatoka. Tukavunja tupa tatu.

Haikutoka.

Kwa hiyo mume mwenye chuma hiki si Alfayo, na hajafa. Au alikufa zamani na hajali. Sijui, wala mchungaji hajui, ingawa anaongea sana.

Nyinyi mnaokuja kwangu jioni, tajeni majina mlangoni. Msiponitajia, mtalala nje. Anayeita “mke wangu” huwa simwitikii.

Lakini juzi aliita kwa sauti ya Alfayo.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo.