Saa ya Nakonde

"Alhamisi iliyopita ulikuwa wapi?"

"Nanyala, kwa mama. Si nilikuambia?"

"Kompyuta uliibeba?"

"Niliibeba. Kwani vipi, Fotu?"

Fortunata aliisoma tena tarehe ile. Alikuwa Vwawa, kwenye kachumba nyuma ya duka la stationery anapoandikia programu zake, simu ameibana kwa bega, macho kwenye skrini. Ipyana alikuwa Tunduma. Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi saa nne asubuhi upande wa Ipyana ungefika nyumbani kwa kina Fortunata kwa ajili ya posa. Mama alishanunua mpaka vikombe vipya.

"Mbona kazi uliyofanya Alhamisi ina plasi mbili?"

"Plasi mbili gani?"

"Ipyana, usinichezee. Tanzania ni plasi tatu. Plasi mbili ni Zambia."

Wawili hawa walikuwa wakitengeneza programu ya kuwajulisha madereva wa malori zamu zao zinapokaribia pale mpakani. Kazi yao waliitunza kwenye Git, chombo kinachoweka kumbukumbu kama karani mwenye wivu: nani kagusa nini, lini, na kompyuta yake ilikuwa inafuata saa ya nchi gani, ikihesabiwa kwa plasi kutoka saa ya kimataifa. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka ukaingia kwenye intaneti yao, kompyuta inajirekebisha yenyewe bila kukuuliza, na Git inaandika.

Ipyana akasema:

"Labda Git imekosea."

Fortunata akaitoa simu begani, akaishika kwa mkono. Huyu ndiye mwanaume aliyewahi kubishana siku mbili nzima kwenye kundi la Telegram akitetea kwamba Git haisemi uongo, watu ndio wanaosema. Kwenye kundi hilohilo ndiko walikojuana, wakigombania kama mistari ya programu isogezwe kwa kitufe cha tab au kwa nafasi. Ipyana alimfuata inbox ili amalizie ubishi, na mpaka leo haujaisha.

"Git imekosea?" Fortunata aliuliza polepole. "Wewe ndiye unayesema hivyo?"

Simu ikakatwa. Baada ya dakika tano ikaingia meseji:

"Naomba usiniulize kwa sasa. Baada ya posa nitakuambia kila kitu."

Akajibu: "Baada ya posa nitakuwa nimeshachelewa."

Akarudi kwenye kumbukumbu, akashuka nazo mpaka miezi mitatu nyuma. Alhamisi kumi na moja, zote plasi mbili. Na jambo moja likamshangaza: siku hizo Ipyana alikuwa hafanyi kazi ya maana. Anabadilisha jina la kitu, wiki inayofuata analirudisha lilivyokuwa. Anaongeza mstari mtupu, anautoa. Mtu mwenye mchepuko anakaa saa tatu kwa mwanamke akihangaika na mistari mitupu? Hasira alikuwa nayo tele, lakini udadisi ulimzidi.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Saa nane mchana akampigia.

"Nipo Tunduma, stendi. Nipeleke kwenye hiyo plasi mbili."

"Fotu, jamani..."

"Nipeleke, au mwambie mshenga asije."

Ipyana alikuja na begi lake la kompyuta mgongoni, uso umesawijika. Hakujitetea. Walivuka mpaka kwa miguu, wakapita vibanda vya kubadilisha kwacha, wakaingia uchochoro mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia. Fortunata alishamchora huyo mwanamke kichwani, mpaka mtindo wa nywele. Kwenye kibaraza alimkuta mzee amekaa na cherehani, anashona suruali ya shule.

"Mwaiseni," mzee aliwakaribisha kwa Kibemba, kisha akamtazama vizuri mgeni. Akasimama. "Huyu ndiye Fortunata?"

Alikuwa na paji la uso la Ipyana, na masikio yake.

"Shikamoo baba," Fortunata alisema. Akamgeukia mwenzake. "Ipyana. Barua ya posa imeandikwa 'mtoto wa marehemu Jonasi Sichone'."

"Ndiye huyu."

"Marehemu?"

Mzee Jonasi akakaa tena taratibu. "Mwache, binti yangu. Mimi ndiye niliyeanza kufa. Nilivuka huku kutafuta maisha, yeye ana miaka sita. Nikapata mke mwingine, nikaona aibu kurudi."

"Mama alituambia tuseme amekufa," Ipyana alisema. "Nilimpata mwaka huu. Nakuja kila Alhamisi. Sijui tuongee nini, Fotu, nakuwa nafungua tu kompyuta. Yeye anashona, mimi naandika."

"Mistari mitupu."

"Mistari mitupu."

Fortunata alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alimpenda zaidi, na alimkasirikia zaidi.

"Ungeniambia ningekukimbia?"

"Baba yako hapendi mtu muongo. Na barua ilishakwenda."

"Sasa Jumamosi baba yangu anampokea mkwe aliyemzika mzazi wake akiwa hai. Akija kujua mwakani, je? Kosa halifutwi, Ipyana, wewe ndiye unayewafundisha watu kwenye kundi. Linaandikiwa sahihisho, na lenyewe linabaki linaonekana." Akamgeukia mzee. "Baba, uje Jumamosi. Saa nne."

Mzee alitazama mikono yake. "Saa nne nitakuwa hapo. Safari hii nitafika."

Jumamosi saa nne, sebuleni kwa Mzee Wiliam, baba yake Fortunata, watu walikuwa wamekaa kwa mpangilio. Mshenga, Joshua, alieleza suala la barua kwa maneno mengi ya kuomba radhi. Mzee Wiliam alisikiliza bila kukunjua uso.

"Sawa. Nitamsamehe kijana nikimuona huyo baba. Yuko wapi?"

"Anakuja, mzee."

Saa nne na nusu. Simu ya Mzee Jonasi haipatikani. Saa nne na dakika arobaini, Mzee Wiliam akatazama mlango.

"Marehemu anachelewa," alisema. Hakuna aliyecheka.

Ipyana aliinamisha kichwa. "Samahani, baba. Hata zamani alisema anarudi." Akaanza kuinuka. Joshua naye akachukua koti lake.

Fortunata alikuwa jikoni na mama, ambako mchumbiwa hutakiwa kutulia. Aliisikia ile "zamani" ikamchoma. Akatazama saa ya ukutani, mkono ukamwenda mdomoni. Yeye aliyesoma plasi mbili za miezi mitatu! Akatoka mbio hivyohivyo, na kanga ya jikoni kiunoni.

"Baba, naomba mumsubiri mpaka saa tano!"

"Wewe! Nani amekuita? Na kwa nini saa tano?"

"Kwa sababu kwake ndiyo saa nne. Sikumwambia saa nne ya wapi!"

Ipyana alimtazama, akakaa. Mzee Wiliam alivua saa yake, akaiweka mezani mbele ya wote. Chai ilipoa. Mama alikuja kusimama mlangoni.

Saa tano kasoro dakika tatu, bajaji ikasimama nje. Mzee Jonasi akashuka na suti aliyojishonea mwenyewe, akajifuta vumbi, akatazama mkono wake wa kushoto.

"Saa nne kasoro dakika tatu," alisema akitabasamu. "Nimewahi."

Ipyana alimwendea. Hakuwa na kompyuta ya kufungua. Alimkumbatia, akalia kwa sauti mbele ya wakwe zake, na hakuna aliyemkataza.

Mzee Wiliam aliivaa saa yake, akaitoa barua mfukoni na kuomba kalamu. Akalitafuta neno "marehemu", akaanza kulisugua kwa wino.

"Usilifute, baba," Fortunata alisema. "Piga mstari mmoja tu, libaki linasomeka."

Mzee Wiliam akapiga mstari mmoja. Juu yake akaandika "mzee", na pembeni akaweka tarehe.

"Saa niandike ipi?" aliuliza.

"Zote mbili," alijibu Ipyana.