Pete Kwenye Katalogi ya Sarafu

Sikilizeni, majirani, maana wengine wenu mna ugonjwa huu na mnauita hobi.

Mimi ni dobi. Ukuta wangu ndio ukuta wa fundi miwani na mkewe, mshona mapazia. Zamani jioni walikaa kibarazani, mume akipangusa lenzi, mke akipinda kitambaa.

"Mzee, njoo nikupime macho na mimi!"

"Nipime, nikuonyeshe pindo lako lilivyokwenda kombo!"

Mimi huku na pasi yangu nacheka peke yangu. Ilikuwa nyumba ya raha.

Kisha mteja mmoja akamwachia fundi zawadi ya sarafu kuukuu. Ilikuwa ya zama za Warumi, wakati miji mingi waliyoitawala ilijitengenezea sarafu zake yenyewe. Fundi akaingia mtandaoni kuitafuta, akakuta katalogi kubwa ya picha: upande huu sura ya kaisari, upande ule hekalu, kila aina na namba yake. Akaipata. Laiti asingeipata!

Tangu hapo alihamia humo. Watu wa kila pembe walituma picha za sarafu zilizofutika, naye akiwatambulia kwa upole na maneno marefu. Wakamwita Mwalimu. Nyumbani alijibu "mm".

"Mume wangu, chakula kinapoa."

"Mm."

"Mkono wangu unauma, sindano imenichoma vibaya."

"Subiri kidogo, nalinganisha sikio la kaisari."

Mnaona mambo hayo? Sikio la marehemu analiona, lake halisikii!

Mkewe akawa anakuja kukaa kwenye benchi langu la wateja, hana hata leso ya kufuliwa. "Dada," aliniambia, "kuwa mpweke peke yangu ningevumilia. Lakini huyu mtu yupo!" Nilimshika mkono tu.

Siku moja akajisajili kwenye katalogi ile ile kwa jina la Mgeni, akauliza swali dogo la sarafu. Mumewe, akiwa chumba cha pili, akajibu: "Karibu sana, Mgeni. Umefanya vizuri kuuliza. Hujambo lakini?" Alinionyesha simu huku analia na kucheka. Mumewe hakuwa amemjulia hali kwa muda mrefu.

Basi akamjaribu. Pete yake ya ndoa ilikuwa na uso bapa wa mviringo, ua lililochongwa juu yake limeshafutika. Iliwahi kukatika, na mume mwenyewe akaiunga kwa lehemu ya fremu za miwani, akamvisha tena na kumbusu kidole. Mke aliupiga picha karibu kabisa ule uso na kovu la lehemu, akaandika: "Mwalimu, unaitambua hii?"

"Akiitambua, nabaki," aliniambia.

Jibu halikuchelewa. "Mgeni, hii si sarafu. Ni pambo la kawaida, tena limeungwa na mtu asiyejua kazi. Usipoteze muda nalo."

Mke alisoma, akaizima simu. Akarudi ndani, akaiweka pete kwenye trei ya sarafu za mumewe, akabeba begi, akaenda kwa dada yake. Fundi hakuinua kichwa. Alidhani anakwenda dukani.

Aliikuta pete alipokuwa anatafuta sarafu. Akaiweka chini ya lenzi, akaiona lehemu yake. Jamani, nilimsikia mtu mzima akilia kupitia ukuta. Akaja mbio.

"Jirani, mke wangu yuko wapi? Mbona hakuniambia kitu?"

"Alikuambia, Mwalimu. Mgeni ndiye yeye."

Akakaa kwenye benchi lile lile mpaka nikafunga kazi.

Sasa kibaraza ni kitupu. Mkewe hapokei simu. Kila siku fundi anaandika kwenye katalogi, chini ya picha ile: "Mgeni, naitambua. Ni ya mke wangu. Niliiunga mimi." Wenzake wa humo wanamwuliza ni ya mji gani. Mgeni hajajibu.

FUNZO

Usiache mbachao kwa msala upitao. Sarafu hazina kosa, wala mtandao. Kosa ni kuwapa walio mbali maneno yote matamu na kumwachia wa nyumbani "mm". Inuka sasa hivi, ndugu yangu, umjulie hali uliye naye, kabla hajalazimika kuwa mgeni ndipo umjibu.