Midomo Ng'ambo ya Mtambo

Walisimama Burnley, mji wa kaskazini mwa Uingereza, kununua pai za nyama tu, kigiza cha Novemba kikianza kuingia. Julian akaona kibao cha kiwanda cha kale cha kufuma nguo, sasa makumbusho, akamshika mkewe mkono. "Twende tukaone, Maureen. Dakika kumi."

Maureen angekataa kwa kisingizio gani? Miaka ishirini ya ndoa alikuwa amemficha Julian kwamba alizaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Alimwambia mama yake alikufa zamani, yeye akiwa mchanga. Uongo mtupu. Mama yake, Edna, mfumaji, aliwahi kuwafuata London akabisha hodi, na Maureen akamwambia mumewe kuwa huyo ni mwanamke tu aliyekosea nyumba. Miaka sita sasa tangu Edna afe peke yake. Maureen hakwenda kuzika, na aibu ile haijamtoka.

Ndani palinuka mafuta ya mashine na vumbi la pamba. Clifford, mzee anayetembeza wageni, akawasha mtambo mmoja wa kufumia. Taka-taka-taka... sakafu ikatetemeka.

"Enzi zetu ilikuwepo mitambo mia nne kama huu," alipaza sauti. "Husikii kitu. Tuliongea kwa kuchezesha midomo tu, bila sauti, tukisomana. Umbea wote wa mji ulipita hivyo."

Julian alicheka. Maureen alikuwa akitazama ng'ambo ya mtambo.

Mwanamke wa aproni alisimama pale. Midomo yake ilicheza polepole, ikifunguka sana, bila sauti. Maureen alifundishwa na mama yake kusoma midomo hivyo kabla hajajua kusoma kitabu.

Mwambie mimi ni nani.

Harufu ya kafuri ikampiga puani, ile aliyojipaka Edna kifuani kila baridi.

"Yule mama anakusemesha wewe?" Julian alimwuliza sikioni. "Unamjua?"

"Simjui. Kanifananisha."

Mwanamke hakukasirika. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu aliyezoea. Maureen alitamani ardhi ipasuke immeze.

Clifford akazima mtambo.

Kimya...

Ng'ambo hapakuwa na mtu.

"Mama gani?" Clifford alishangaa. "Leo niko peke yangu." Kisha akamkazia macho Maureen. "Ila sura yako, dada... Una undugu na Edna Ratcliffe? Alifanya kazi pale pale. Tulimzika watu sita tu."

Julian akamgeukia mkewe. Maureen alihisi uso ukimwaka moto. Sasa alitaka kusema, kwa moyo wote.

Ni mama yangu.

Midomo ilicheza. Sauti haikutoka.

Ni mama yangu. Nilimkana.

"Sema basi, mpenzi," Julian alisema, akimsogezea sikio. "Sikusikii."

Akajaribu tena, mdomo wazi, polepole, machozi yakimtiririka. Julian hakuambulia kitu.

Clifford alikuwa amesoma kila neno. Alivua kofia yake.

"Hilo," alinong'ona, "utamwambia mumeo wewe mwenyewe." Akaenda kuzima taa.