Raia Mwema Yuko Laini ya Tatu

Shelisheli lilikuwa moja, mikono ikawa minne.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la Cheapside, Bridgetown, mji mkuu wa kisiwa, watu wamebanana hadi jasho la huyu linamtiririkia yule. Ianthe Gittens, ndani ya gauni la njano lenye madoa meupe, alikuwa ameshika upande mmoja wa shelisheli la mwisho mezani. Upande wa pili ulikuwa mikononi mwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu na bisibisi mbili mfukoni.

"Kaka, achia."

"Dada, mimi ndiye niliyeligusa kwanza."

"Kuligusa si kulinunua."

"Na kulikodolea macho pia si kulinunua."

"Basi oaneni mkalile wote!" alifoka mama muuzaji. "Mnanizibia wateja!"

Watu wakacheka. Yule mwanamume akainamisha kichwa, akatega sikio kama anayesikiliza mashine inayogonga.

"Ngoja kwanza. Sauti hiyo naijua. Wewe ndiye unayesema, 'Redio ya Umma, mada yako ni nini?'"

"Uliwahi kupiga simu?"

"Mara moja. Ukanikatia."

"Ulisemaje?"

"Niliomba wimbo."

"Kwenye kipindi cha mijadala?"

"Ndiyo maana ukanikatia."

Ianthe alijitahidi asicheke, akashindwa. Kesho yake shelisheli lile lilichomwa kwenye makaa nyuma ya nyumba yake, likaliwa na samaki wa chumvi, na Renwick Boyce, fundi wa majokofu, hakuondoka hadi wenye nyumba jirani walipoanza kuuliza kama amehamia.

Yakawa mapenzi ya simu, maana mmoja alishinda studio na mwingine nyuma ya mafriji ya watu. Renwick alikuwa akipiga saa ya chakula cha mchana.

"Redio ya Umma?"

"Mada yako, bwana?"

"Mapenzi."

"Haipo kwenye ratiba ya leo."

"Iongezeni. Wasikilizaji tunateseka huku."

"Mna wangapi mnaoteseka?"

"Mmoja. Ila ni mrefu."

Mwaka ukapita, na miezi miwili juu yake. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkera Ianthe: Renwick alikuwa bado hajampeleka kwa mama yake. Leo mama ana mafua, kesho nyumba inapakwa rangi, keshokutwa mama yuko kwenye kongamano la kanisa. Ianthe alianza kujiuliza ana kasoro gani.

Kasoro hakuwa nayo. Ila wiki ya tatu ya mapenzi yao, wakiwa mezani, alikuwa amesema hivi: "Kuna bibi mmoja anapiga simu kila siku, anajiita Raia Mwema wa Six Roads. Miaka minane sasa. Mungu anisamehe, Renwick, siku bibi huyo akikosa sauti nitafunga siku tatu kwa shukrani."

Renwick alimeza mwiba wa samaki. Raia Mwema wa Six Roads alikuwa Bi Eulalie Boyce, mama yake mzazi. Tangu siku hiyo akawa bubu juu ya mama.

Sasa ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa Novemba. Redio ya Umma ilikuwa imetangaza siku nzima ya mijadala: hakuna muziki, hakuna mahubiri, ni mambo yanayokikera kisiwa tu. Saa moja asubuhi, maji ya bomba. Saa tatu, mabasi. Saa tano, vijana wanaohamia ng'ambo. Saa nane mchana, mwani unaooza ufukweni. Mtangazaji alikuwa Bwana Carlisle Yearwood, mwenye sauti nzito kama asali ya muwa, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akifunga tai kazini ingawa hakuna msikilizaji anayemwona. Ianthe alikaa upande wa pili wa kioo, mbele ya laini sita. Simu yake mwenyewe ilikuwa ndani ya kikapu mlangoni, pamoja na za wenzake. Ndiyo ilikuwa sheria ya studio.

Raia Mwema alipiga saa moja, akasema maji ya bombani kwake yamekuwa chai, bado sukari tu. Akapiga saa tatu, akasema basi la Six Roads ni kama Yesu, litarudi lakini hakuna ajuaye siku wala saa. Saa tano kamili taa ya laini ya tatu ikawaka.

"Redio ya Umma, mada yako ni nini?"

"Mwanangu, ni mimi tena."

"Bi, leo si utawaachia na wengine?"

"Hii ndiyo yangu hasa. Mtoto wangu wa kumzaa anahama."

Sauti ilikuwa imetetemeka kidogo. Ianthe akalainika, akampitisha hewani, akajimiminia chai.

"Raia Mwema," alisema Bwana Yearwood, "karibu tena."

"Ahsante. Nina mtoto mmoja tu, Renwick, fundi wa mafriji, kisiwa kizima hana mwenzake. Amepata kazi Kanada, mahali panaitwa Winnipeg. Baada ya wiki tatu anaondoka. Nimeshatangaza kanisani, mchungaji ameshamwombea. Sasa naiuliza serikali: mnawapeleka watoto wetu kwenye barafu wakatengeneze mafriji? Huko friji ya nini?"

"Na huyu kijana hana mtu wa kumshikilia hapa? Mchumba?"

"Hana. Kuna kasichana fulani ka mjini, sijui kanafanya nini. Hakajawahi kuletwa nyumbani. Mtu wa maana huletwa nyumbani, Bwana Yearwood."

Chai ilimwagika kwenye ratiba, ikashuka kwenye sketi nyeupe ya Ianthe, na yeye wala hakuihisi. Renwick. Fundi wa mafriji. Wiki tatu.

Dakika ileile, huko Speightstown, Renwick alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya baa. Redio ilikuwa juu ya kaunta. Wazee wanne waliokuwa wakicheza dhumna waliacha mawe, wakamgeukia.

"Kijana," mmoja akauliza, "wewe si unaitwa Renwick?"

Alikuwa ameshatoka nje na simu sikioni. Simu ya Ianthe ikaita kikapuni, kimya kimya, mara saba. Ikabidi apige pale wanapopiga wananchi wote.

"Redio ya Umma, mada yako ni nini?"

"Ianthe, ni mimi."

"Mada, bwana."

"Mpenzi, nisikilize kwanza…"

"Mada hiyo imefungwa." Akakata.

Akapiga tena, safari hii kwa sauti ya kikongwe. "Naitwa Mzee Fitzgerald wa St. Lucy. Nataka kuzungumzia vijana."

"Mzee Fitzgerald, mbona unaongea kama umebanwa pua na kibanio cha nguo?"

"Ni… ni mafua, binti yangu."

"Pole. Zoea mapema, Winnipeg kuna baridi." Akakata.

Wale wazee wa dhumna, waliomfuata hadi mlangoni, wakatikisa vichwa kwa pamoja.

"Mpigie mama yako," alisema mmoja. "Aliyeumwaga mchele ndiye auzoe."

Akampigia. "Mama, umefanya nini?"

"Nimesema ukweli kwa taifa."

"Ile kazi niliikataa, Mama. Wiki mbili sasa."

"Umeikataa? Na mchungaji ameshaomba?"

"Nilishindwa kukwambia. Ulikuwa umeshanunua masweta."

"Umeikataa kwa ajili ya kale kasichana?"

"Kasichana hako ndiko kanakopokea simu zako kila siku. Miaka minane."

Kiti kilisikika kikikwaruza sakafu kwa Bi Eulalie.

"Yule wa 'Bi, kwa kifupi tafadhali'?"

"Huyohuyo."

"Renwick! Yule ana subira ya Ayubu! Siku nilipozungumzia mifereji dakika ishirini, alinisikiliza dakika kumi na saba. Na wewe ukamficha?"

"Nilikuficha wewe, Mama."

Hapo Bi Eulalie alisonya. Alikata simu, akaenda kutafuta miwani yake.

Saa nane mchana, kipindi cha mwani. Mtaalamu alikuwa amekuja na mwani wake kwenye chupa, na studio nzima ilikuwa inanuka mayai viza. Laini ya tatu ikawaka.

"Redio ya Umma, mada yako?" Sauti ya Ianthe ilikuwa kavu. Alikuwa amelia chooni, akanawa, akarudi kazini.

"Mwani, mwanangu."

"Mwani tu?"

"Mwani tu. Naapa."

Akampitisha. Alikuwa amechoka mno kubishana.

"Bwana Yearwood, mwani unanuka. Hilo limekwisha. Sasa nina masahihisho ya mada ya saa tano. Mwanangu haendi Kanada. Ameikataa kwa sababu ya msichana anayepokea simu hapohapo ulipo, upande wa pili wa kioo. Na mimi nilisema 'kasichana'. Naifuta ile 'ka' mbele ya wananchi. Ni msichana mzima."

Bwana Yearwood aligeuka taratibu, akamtazama Ianthe kupitia kioo, akakaza tai. Laini zote sita ziliwaka kwa mpigo. Mwanamke wa St. Andrew alisema binti amsamehe leo leo, wanaume warefu ni wachache. Dereva wa teksi alisema asimsamehe hata kidogo, anayeficha mama ataficha na mke. Mwalimu mstaafu alitaka kujua hayo yote yana uhusiano gani na mwani. Mtaalamu alikaa na chupa yake mapajani hadi kipindi kikaisha.

Mtu angedhani Ianthe alifurahi. Thubutu! Alikuwa anawaka zaidi kuliko asubuhi.

Saa kumi na moja alitoka hadi maegesho ya magari, sketi ina ramani ya chai. Gari la Renwick lilikuwa kivulini. Yeye alikuwa amesimama kandokando yake na ovaroli ina vumbi, na pembeni yake mwanamke mfupi, kofia ya zambarau ya kanisani kichwani, bakuli la makaroni ya kuoka limefunikwa kitambaa mikononi.

"Shikamoo, Mama," alisema Ianthe.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe una uso mzuri hivi! Kwenye simu nilidhani una miwani."

"Ianthe," Renwick alianza, "siendi. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Kisiwa kizima kimesikia pamoja na mimi. Ulitaka kwenda, hukuniambia. Ukaamua kubaki, hukuniambia. Mimi nani kwako? Msikilizaji?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, mwanamume mzima?"

"Kwamba utasema, 'Nenda, Renwick, ni bahati yako.' Ungesema hivyo, na ningelazimika kwenda ili nisionekane mwoga."

Ianthe aliinamisha uso. Akatazama viatu vyake. Bi Eulalie, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kusikia jambo lililojificha nyuma ya kimya, akasogea hatua moja.

"Semeni yote," alisema. "Leo hatuna matangazo ya biashara."

"Mimi…" Ianthe akashusha pumzi. "Mimi nimepata nafasi Trinidad. Mafunzo ya utayarishaji wa vipindi, mwaka mzima. Yanaanza Januari. Barua ninayo tangu Septemba."

Renwick akatoa macho. "Tangu Septemba? Na hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nibaki. Na mimi ningebaki."

Walitazamana. Kwanza mdomo wa Renwick ulitikisika, halafu mabega ya Ianthe, na wote wawili wakaangua kicheko hadi Ianthe akashikilia kioo cha gari asianguke.

"Mungu wangu," alisema Bi Eulalie. "Mmefanana."

Renwick akajifuta macho. "Trinidad wana mafriji?"

"Wana joto kutushinda sisi."

"Basi yanaharibika." Akapiga goti pale pale kwenye lami, akaruka mara moja. "Aii!"

"Usirudie, lami ina moto! Unataka kunioa ukiwa na malengelenge?"

"Kumbe umejua ninachotaka."

"Nimejua. Lakini nina sharti moja. Kuanzia leo jambo lako nilisikie mimi kwanza, kabla ya mchungaji na kabla ya redio. Na langu ulisikie wewe."

"Nimekubali."

"Basi na mimi nimekubali."

Akamvuta kwa mkanda wa ovaroli, akambusu, vumbi na yote. Dirishani juu mtu alipiga makofi. Bwana Yearwood alikuwa ameegemea pale, na kwa mara ya kwanza tai yake ilikuwa imelegea.

Walipogeuka, Bi Eulalie hakuwa amesimama tena. Alikuwa amekaa kwenye bampa ya gari, bakuli mapajani, kofia imeinama.

"Mama, vipi?" Renwick alichuchumaa mbele yake. "Trinidad ni saa moja tu kwa ndege. Utakuja, tutakuja."

"Najua. Nimefurahi, mwanangu, Mungu ni shahidi nimefurahi." Machozi yalikuwa yanamshuka bila kelele, yeye ambaye kelele ndiyo ilikuwa kazi yake. "Asubuhi nilikulilia mbele ya taifa zima, na kumbe huendi. Sasa ndiyo unakwenda kweli. Hii niacheni niilie kimya."

Renwick hakujua la kufanya na mikono yake. Ianthe alimpita, akakunja sketi yake iliyochafuka, akaketi kwenye bampa bega kwa bega na mama mkwe wake. Hakumwambia, "Kwa kifupi tafadhali." Alikaa tu, jua la jioni likiwapiga usoni, hadi yule bibi alipovuta kamasi, akafunua kitambaa na kumpa kijiko.

"Kula," alisema. "Kabla hayajapoa."