Sauti ya Kuazima

Marit Tollefson aliingia maktaba ya mji saa tisa alasiri, tarehe mosi Novemba, akiwa na kompyuta yake, chupa ya kahawa na aibu ya miaka mitatu. Mara tatu alishajiandikisha kwenye shindano la kuandika riwaya ya maneno elfu hamsini kwa siku thelathini, na mara zote tatu aliishia njiani. Sasa alikuwa na miaka arobaini na moja. Alijiapiza kwamba safari hii asipomaliza, hatagusa tena mambo ya riwaya.

Mezani walikuwa washiriki sita. Kiongozi wao, Bonnie Kujawa, mwalimu mstaafu, alipitisha kofia ya sufu na vipande vya karatasi.

"Kila mmoja aandike jina la mtu anayemjua," alinong'ona. "Azimeni sauti yake, riwaya zenu zipate ulimi. Na sheria mnaijua. Kurudi nyuma kusoma ulichoandika ni mwiko mpaka mwezi uishe."

Marit aliandika jina la baba yake, Orrin. Mzee huyo alipika miaka thelathini kwenye meli za kubeba mawe ya chuma, na mdomo wake haukuwahi kupumzika. Marit aliishi naye wawili tu, wao na mbwa. Hakumwomba ruhusa. Nani aombe ruhusa ya mchezo wa karatasi?

Bonnie akategesha saa ya kuchemshia mayai. Dakika ishirini za kuandika bila kuinua kichwa. Ilipolia, wenzake walitaja maneno mia nne, mia tano. Marit akatazama hesabu yake: elfu moja na mia mbili. Hakukumbuka kuandika hata nusu yake.

"Mwenzetu umefunga injini?" jirani yake akamtania.

Akacheka pamoja nao. Moyoni alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyomponza.

Jumanne ya wiki ya pili, baba yake alikaa mbele ya supu ya njegere bila kuigusa.

"Niletee ile... ile ya kunywea."

"Kijiko?"

"Hiyo hiyo unayoitaja."

Alhamisi likampotea neno birika. Jumamosi akashindwa kumwita mbwa, ambaye alikaa mlangoni akimsubiri. Daktari alisema ni umri, akaandika vidonge. Mzee alivitupa.

"Si uzee huu," alimnong'oneza Marit. "Neno nalishika, halafu mtu analivuta upande wa pili."

"Mtu gani, baba?"

"Mtu wa humu ndani."

Marit alikosa usingizi. Akaanza kumshuku Bonnie na kofia yake. Akahamia kiti cha mwisho, akabadili nywila ya kompyuta, akawa anatazama vidole vya wenzake badala ya kioo cha kompyuta yake. Haikusaidia. Hesabu ilizidi kupanda, na wao wakamshuku yeye. Waswahili wana jina la wizi wa namna hii, fedha zako zinahamia droo ya mwenzako huku unazitazama: chuma ulete. Marit hakuwa na jina la kuupa. Alikuwa na hofu tu.

Tarehe ishirini na tisa, alikuwa amefika maneno elfu arobaini na tisa na ushee. Baba yake alibaki na matatu: ndiyo, hapana, baridi.

Mchana huo, akiwa chumbani kwake, Marit alivunja mwiko. Akarudi nyuma. Akatafuta neno kijiko.

Lilikuwa mahali pamoja tu. Kwenye kurasa za Jumanne ile. Birika, Alhamisi. Jina la mbwa, Jumamosi. Na sentensi hazikuwa zake. Zilikuwa za baba yake, pumzi kwa pumzi, hata namna yake ya kukohoa kabla ya uongo.

Akaifuta sentensi ya kijiko.

Kutoka jikoni, sauti ya baba yake ikasema, "Nipe kijiko."

Marit akafunika mdomo kwa mkono. Alijua la kufanya. Afute yote, wakati uleule. Lakini alibakiza maneno mia saba. Mia saba tu! Miaka minne alikuwa akiyasubiri. Nitamaliza, akajiambia, nipate cheti changu, halafu nitafuta. Saa moja zaidi itamdhuru nini?

Akaandika. Jikoni pakanyamaza kabisa.

Akaituma riwaya ikahesabiwe. Ikakubaliwa. Dirisha dogo likamtaka ajaze jina lake kamili kwa ajili ya cheti. Lilikuwa neno la mwisho aliloandika mwezi ule. Akalituma, akachapa cheti, kisha akafuta kila kitu, mpaka nakala aliyoituma. Kilichobaki ni jina lake tu, pale kwenye cheti.

Akakimbilia jikoni. Baba yake alikuwa amesimama jikoni, birika mkononi, akimsimulia mbwa habari za nahodha mlevi. Maneno yalimtoka yakigombania mlango. Marit alilia kwa furaha, akamkumbatia kwa nyuma.

Mzee akageuka taratibu. Akamtazama kwa adabu.

"Na wewe, binti, wanakuitaje?"

"Marit, baba."

"Sema tena."

"Marit."

"Midomo naiona inacheza," mzee akasema. "Sauti siisikii."

Akalisema mara kumi. Akalisema sikioni mwake. Kisha akakimbia kuleta cheti, akakiweka chini ya taa, akamwonyesha kwa kidole herufi nene nyeusi za jina lake.

Mzee akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, bila kukwama: mwaka, mwezi, maneno elfu hamsini, hongera kwa ushindi. Akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele.

"Cheti kizuri," akasema. "Ila wamesahau kuandika jina."