Skafu za Chanikiwiti

Kila jioni baada ya chai, wanafunzi wa bweni walifua soksi zao bombani, naye mwenzao mmoja, Profesa, aligawa elimu. Jina hilo alipewa kwa sababu hakukuwa na swali lililomshinda, hasa lile asilojua jibu lake.

Jioni hiyo alifuatwa na msichana mgeni, amekumbatia skafu nyeupe za kwaya.

"Samahani, kaka. Mwalimu wa ushonaji kaniambia nizitie rangi ya chanikiwiti. Ndiyo rangi gani?"

Profesa aliijua vizuri. Akakohoa kama hakimu. "Dada yangu, chanikiwiti ni zambarau. Zambarau iliyoiva kabisa."

"Asante. Mungu akubariki."

Alipoondoka, wenzake Profesa walicheka hadi povu likawaingia machoni.

Asubuhi skafu zilining'inia kambani, zambarau tupu, na tamasha la kwaya lilikuwa kesho yake. Mwalimu alisimama mbele ya mgeni, mikono kiunoni.

"Kazi ya kwanza kukuamini, unaniharibia! Kwaya basi, huimbi tena. Nani kakwambia chanikiwiti ni hii?"

Nyuma ya mlango, Profesa alifumba macho akingoja kutajwa.

"Nisimtaje, Mwalimu. Naye hakujua, masikini. Alitaka kunisaidia tu."

Angetukanwa, Profesa angepona, lakini kutetewa! Alijaribu kucheka, kicheko kikagoma.

"Nilijua, Mwalimu," akasema akijitokeza. "Nilijua kabisa."

Mgeni akazianua skafu kambani, akamkabidhi zote.

Mchana kutwa Profesa alisugua skafu kwa dawa ya kutoa rangi hadi zikarudi kuwa nyeupe, na vidole vyake vikakunjamana kama vya kikongwe. Kisha mwalimu akamwonyesha mgeni: manjano kwanza, halafu tone la buluu, na tone jingine, mpaka maji yafanane na jani lililochipua jana, si kijani hasa, si manjano hasa.

"Hiyo ndiyo chanikiwiti. Na kesho utaimba, mwanangu."

"Nisamehe, dada," Profesa alinong'ona.

"Nimekusamehe. Ila maswali yangu nitampelekea mwingine."

Mwalimu akamgeukia Profesa. "Umesikia? Anayekuuliza ameazima macho yako. Ukimpa mabovu, leo atajikwaa yeye. Kesho hapatakuwa na mtu wa kuja kuazima."